Haki Isiyolipiwa

Mitaa ya Jerusalem na Jericho, hapa Eastlands jijini Nairobi, ilipewa majina kutoka katika Biblia. Hata hivyo, fundisho lililo kiini cha waraka wa Paulo kwa Warumi halieleweki kwa wepesi katika mitaa hiyo, na sababu moja ni neno tulilokosa kulifafanua darasani: haki.

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ilitumia kirai "kuhesabiwa haki". Biblia ya Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, ikachagua "kukubaliwa kuwa mwadilifu". Hilo si jambo dogo. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Paulo ni cha mahakamani: hakimu humtangaza mshtakiwa kuwa hana hatia. Kilatini kilikifasiri kwa kitenzi chenye maana ya kumfanya mtu awe mwenye haki. Ugomvi wa karne ya 16 ulipata nguvu katika mwanya huo. Martin Luther, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Wittenberg, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 aliongeza neno "tu" kwenye "imani". Mwaka 1530 aliandika waraka kujitetea kwamba Kijerumani chenyewe kilimdai aseme hivyo. Mtaguso wa Trento ulitoa jibu la Kanisa Katoliki mwaka 1547.

Walutheri wenyewe hawakukubaliana daima. Mkutano wa shirikisho lao la dunia mjini Helsinki mwaka 1963 ulishindwa kupitisha tamko la pamoja juu ya fundisho hilo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, shirikisho hilo na Kanisa Katoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja: mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, wala si kwa stahili yake. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Lakini Walutheri wa Sinodi ya Missouri, Marekani, walilikataa, na seminari zao zikaeleza sababu kwa maandishi.

Nasi je? Katika Kiswahili cha kila siku, haki ni kile mtu anachostahili na anachoweza kukidai. Mfanyakazi asiyelipwa hudai haki yake. Mpangaji anayefukuzwa hudai haki yake. Madai hayo ni halali kabisa. Paulo, hata hivyo, anazungumzia haki ambayo mtu hana msingi wa kuidai, naye hupewa bure. Mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hii atasoma kirai hicho na kuelewa kinyume chake.

Hapo ndipo penye hatari. Wapo wahubiri wanaomwambia mama muuza mboga wa Kayole au Dandora kwamba baraka zake zitapimwa kwa kiasi cha sadaka anayotoa. Mama huyo akiulewa ule usemi wa Paulo, hatauziwa kilichokwisha kutolewa bure.

Elimu ya thiolojia nchini mwetu hutolewa zaidi kwa Kiingereza, ilhali mahubiri mengi ya Eastlands ni ya Kiswahili. Yafaa seminari zifundishe istilahi hizi kwa Kiswahili, na walimu wa Kiswahili na wa dini wakae pamoja juu ya kirai hiki kimoja. Maskini asilipe gharama ya neno tuliloshindwa kulieleza.