Prosesa za Biti 32 Ziagwe, Lakini kwa Notisi

Steshenari ya kijijini, Kiwangwa au kwingineko kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, mara nyingi huishi kwa kompyuta moja ya mtumba: kasha lililopauka, feni inayounguruma, kibodi iliyofutika herufi A na E. Hiyo ndiyo inayochapa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao na mitihani ya majaribio ya darasa la saba.

Mashine kuukuu za namna hiyo ndizo zinazoguswa na uamuzi wa Debian, mfumo huria unaotunzwa na watu wanaojitolea duniani kote. Toleo lake la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, halina tena kerneli, yaani kiini cha mfumo, wala programu ya kusakinisha kwa prosesa za biti 32 za aina ya x86, zile za kompyuta za kawaida. Wapo wanaolalamika kwamba mnyonge ametupwa.

Lalamiko hilo halina mashiko. Kila msimbo unapobadilishwa, lazima mtu aujaribu kwenye mashine yenyewe. Asiyekuwa nayo anabahatisha, na matundu ya usalama hubaki humo bila kuonwa na yeyote, huku mwenye steshenari, aliyehifadhi vyeti na namba za vitambulisho vya wateja wake, akiamini yuko salama. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa anaijua hali hii: shamba lisilopaliliwa bado huitwa shamba la mananasi, lakini anayeingia humo hukuta majani na nyoka.

Linux yenyewe, kerneli ambayo Debian inaitumia, haikujionea huruma. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya 386; Desemba 2012 prosesa hiyohiyo ikaondolewa, na toleo la 3.8 la Februari 2013 likatoka bila hiyo.

Kinachookoa kifaa ni mtu. Mwaka 2019 sehemu ya Linux inayoendesha flopi ilitangazwa kuwa yatima, yaani haina mtunzaji. Mtayarishaji programu Denis Efremov akajitokeza kuilea, ikabaki. Prosesa ya Itanium nayo ilitangazwa yatima mwaka 2021, haikupata mlezi wa kudumu, na toleo la 6.7 la Januari 2024 likaja bila hiyo. Huo ni utaratibu wa haki.

Dosari iko kwenye notisi. Matangazo haya hutoka kwa Kiingereza, mahali ambapo fundi wa Bagamoyo hapiti; habari humfikia siku flashi ya kusakinishia mfumo inapogoma kuwaka mbele ya mteja. Alipaswa kuambiwa mapema, kwa Kiswahili, kwamba Debian 12 itaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Uwezo wa kulisema hilo upo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Vyuo vyetu vina wanafunzi wanaoweza kutafsiri matangazo hayo, kujaribu matoleo mapya kwenye mashine za zamani na kupeleka taarifa za hitilafu.

Na kabla mashine haijaitwa chuma chakavu, fundi afungue dirisha la amri, aandike lscpu, asome mistari ya mwanzo. Akikuta 32-bit na 64-bit zimeandikwa pamoja, prosesa hiyo inaipokea Debian 13. Core 2 Duo zote, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, ziko kundi hilo, hata zile zilizowekewa mfumo wa biti 32 kwa sababu flashi ya fundi ilikuwa na huo tu.