Makaa ya shisha hayana nafasi ndani ya bedsita

Wewe uliyeficha chombo cha shisha chini ya kitanda, leo nina neno nawe.

Serikali ilipopiga marufuku shisha Desemba 2017, wengi wetu hatukuacha. Tulihama tu, tukatoka klabu tukaingia keja. Huku muziki ni wako, mabeshte ni wako, na hakuna wa kukusumbua. Lakini kule klabu kulikuwa na msee wa koleo, kazi yake kuwasha makaa, kuyabadilisha na kuyaondoa. Kwako saa saba usiku kazi hiyo ni ya nani?

Kwangu haikuwa ya mtu. Tulikuwa watano ndani ya bedsita kule Roysambu, tumejazana kwenye kapeti moja. Beshte mmoja aliinuka kwenda msalani, akapiga chombo teke, kaa likaruka. Tulicheka, tukaliokota, tukaendelea. Hatukujua yalikuwa mawili. La pili lilijibanza chini ya shuka, limevaa jivu, halitoi hata mwanga.

Niliamka alfajiri koo likiwasha. Godoro lilikuwa linafuka moshi bila ndimi za moto. Nikamwaga ndoo nzima ya maji, nikaliburuta hadi nje.

Nilipoteza godoro, kapeti lililoyeyuka na kugandia sakafuni, na dipoziti yangu ya Sh9,000. Hayo nilishayasahau. Nisilosahau ni jirani yangu, mama aliyetoka na mtoto mchanga ndani ya leso, wote wawili wakikohoa. Aliniuliza tu, "Wewe kijana, ulitaka kutuua?"

Nikamjibu eti ajali haina kinga. Hadi leo naona aibu kwa jibu hilo.

Kwa sababu kinga ilikuwepo. Sote tumelelewa tukiambiwa usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Tunajua kuna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika, inayoua watu usingizini. Sasa niambie, kaa la shisha lina tofauti gani na la jiko? Kulitia sigiri ndogo ya kupendeza na ladha ya tufaha hakulifanyi kuwa mshumaa. Na yale maji ya chini ya chombo hayachuji sumu hiyo.

Utasema mapafu ni yako na pesa ni zako. Sawa. Lakini ukuta si wako peke yako. Kwenye ploti zetu dari ni moja, ngazi ni moja, na mara nyingi geti ni moja na limefungwa kwa kufuli. Moto wa godoro lako haulipi kodi ya chumba kimoja.

Mimi chombo changu nilikitupa. Wewe kama bado hujafika hapo, basi angalau makaa yasiingie ndani. Na usidanganywe na jivu. Kaa lililofifia bado linaweza kuchoma, kwa hivyo lizamishe kwenye maji kabla ya kulitupa, wala usilitie kwenye pipa la plastiki.

Kisha leo jioni msalimie jirani yako. Ukishajua jina la mtoto wake, kuwasha kaa upande huu wa ukuta kutakuwa kazi ngumu.