Msumbiji na Mkono wa Wahisani

Kila yanapozuka mashauriano juu ya mageuzi katika bara letu, huzuka pia swali la mahali zinapotoka fedha. Watawala huwaita wanaodai haki vibaraka wa mabalozi. Kisha watawala hao hao, jioni ya siku ile ile, huketi meza moja na mabalozi wale wale kujadiliana mikopo. Nasi tunaodai mageuzi hatuna budi kujitazama, kwa kuwa tumezoea kupeleka malalamiko yetu balozini kabla hayajasomwa kanisani wala sokoni. Wakenya hawajasahau Novemba 1991, wahisani walipokutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa serikali yetu, wala hawajasahau kwamba Desemba ya mwaka huo kifungu cha 2A kilifutwa na vyama vingi vikarudi. Wapo waliohitimisha, kutokana na ukaribu wa miezi hiyo miwili, kwamba demokrasia huja kwa hundi. Tunawaomba wenye mawazo hayo waitazame Msumbiji, nchi ambako wahisani walipewa nafasi kubwa kuliko waliyowahi kupewa hapa petu.

Vita vya Msumbiji vilianza 1977, miaka miwili tu baada ya uhuru. Renamo iliundwa kwa mkono wa walowezi wa Rhodesia, kisha ikalelewa na makaburu wa Afrika Kusini. Hata hivyo si haki kusema kwamba haikupata wafuasi wa nyumbani, maana Frelimo nayo iliwahamisha wakulima kwa nguvu, ikawadharau machifu na kuyabana makanisa. Watu wapatao milioni moja waliangamia kwa risasi, njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja na nusu wakakimbilia Malawi na nchi nyingine jirani.

Walioanza kuwapatanisha ndugu hao hawakuwa mabalozi. Viongozi wa makanisa ya Msumbiji walikutana na wajumbe wa Renamo hapa Nairobi mwaka 1989. Mazungumzo rasmi yalipofunguliwa Roma, Julai 1990, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikuwa mmoja wa wapatanishi wanne, pamoja na Andrea Riccardi na Padri Matteo Zuppi wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na Mario Raffaelli aliyetoka upande wa serikali ya Italia. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo, Bunge la chama kimoja mjini Maputo lilipitisha Katiba iliyoruhusu vyama vingi, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea. Rais Chissano na Bwana Dhlakama walitia saini mkataba wa amani tarehe 4 Oktoba 1992. Tunayataja haya kwa makusudi. Fedha zilipofika, zilikuta watu wamekwisha kuzungumza.

Na zilifika kwa wingi. Umoja wa Mataifa ulipeleka ujumbe wa ONUMOZ chini ya Aldo Ajello, ukiwa na askari zaidi ya elfu sita. Ajello aliona mapema jambo ambalo wengi hawakutaka kulisema hadharani: jeshi la msituni halitageuka chama cha siasa kwa kusomewa mkataba. Mkono mtupu haulambwi. Ukaundwa mfuko maalumu wa kuisaidia Renamo kuwa chama, Italia ikiwa mchangiaji mkuu, na takriban dola milioni 17 zikatolewa kwa ofisi, nyumba, magari, mishahara na gharama za kiongozi wake. Walikuwako waliokirihika, na si bila sababu, kwa kuwa waliofanya mauaji sasa walikuwa wanapangishiwa nyumba Maputo kwa fedha za walipa kodi wa Ulaya. Lakini pima gharama ya mfuko huo na gharama ya mwaka mmoja zaidi wa vita. Nchini Angola, mwaka ule ule wa 1992, uchaguzi ulifanyika majeshi mawili yakiwa bado na silaha mkononi, na vita vikarudi mara tu matokeo yalipotangazwa. Huko Msumbiji uchaguzi uliahirishwa mpaka 1994 ili askari wapokonywe silaha kwanza. Zaidi ya askari elfu 70 wa pande zote mbili waliachishwa kazi na kulipwa posho ya miaka miwili, sehemu kubwa ikitoka kwa wahisani, kila mmoja akarudi kijijini akiwa na mahali pa kwenda kuchukua fedha badala ya mahali pa kwenda kuchukua bunduki.

Usiku wa kuamkia siku ya kura, Oktoba 1994, Dhlakama alitangaza kwamba anajitoa. Mabalozi na viongozi wa nchi jirani walimshika kwa maneno hadi akarudi, na upigaji kura ukaongezwa siku ya tatu. Chissano alipata asilimia 53 na Dhlakama karibu 34. Katika Bunge la viti 250 Frelimo ilichukua 129 na Renamo 112. Aliyeshindwa alikubali. Yeyote anayesema kwamba msaada wa kigeni haujawahi kufanya jema katika Afrika, na aanze kwa kueleza siku zile tatu.

Basi shida ilianzia wapi? Kwa maoni yetu, ilianza pale ambapo mafanikio ya uchaguzi mmoja yalichukuliwa kuwa ndiyo demokrasia yenyewe. Kwa miaka mingi baada ya vita karibu nusu ya bajeti ya serikali ya Msumbiji ilitoka nje. Waziri anayepata nusu ya fedha zake kwa wageni atawaogopa wageni. Kwa mbunge atakwenda kwa adabu tu. Mfano wa korosho unatosha. Kabla ya vita Msumbiji ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa korosho duniani, nayo ilikuwa na viwanda vyake vya kubangua. Miezi michache tu baada ya wananchi kupanga foleni kuchagua Bunge lao la kwanza la vyama vingi, Benki ya Dunia ilishinikiza ushuru wa korosho ghafi ziuzwazo nje upunguzwe. Serikali ilitii, viwanda vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza riziki. Bunge lilipokuja kupandisha ushuru tena mwaka 1999, viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kugeuka magofu. Mwanamke aliyepigwa kalamu pale alikuwa amepiga kura kama alivyofundishwa na wahisani, kisha uamuzi uliomgusa zaidi ukafanyika Washington.

Mwandishi wa habari Carlos Cardoso, aliyekuwa akichunguza wizi wa mamilioni ya dola katika benki moja kubwa, aliuawa kwa risasi mjini Maputo tarehe 22 Novemba 2000. Mwaka uliofuata aliuawa Siba-Siba Macuácua, mtaalamu wa uchumi aliyepewa kazi ya kusafisha benki nyingine. Misaada haikukoma. Msumbiji ilikuwa imekwisha kuwa mtoto mzuri wa wahisani, inayoonyeshwa wageni kama ushahidi kwamba dawa yao inaponya, na daktari hapendi kuambiwa habari za mgonjwa anayemsifia.

Tuseme pia kwamba walipoamua kusema, walisikika. Katika uchaguzi wa 2009 chama kipya cha MDM kilizuiwa kugombea ubunge katika majimbo mengi kwa visingizio vya makaratasi. Wahisani walichelewesha fedha zao mwanzoni mwa 2010, na serikali ikaahidi marekebisho. Hata kanuni za Bunge zikabadilishwa ili wabunge wanane wa MDM wapate kuwa kundi linalotambuliwa. Lakini aliyeona kwamba MDM ilidhulumiwa alijifunza pia mahali pa kupeleka shitaka. Mahakama haikupata heshima yoyote katika jambo lile.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho, kwa wakili, hakina mfano. Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za dola zilikopa zaidi ya dola bilioni mbili kutoka benki za Credit Suisse na VTB, ati kwa ajili ya kuvua jodari, kulinda pwani na kutengeneza meli. Waziri wa Fedha, Manuel Chang, alitia saini dhamana ya serikali. Katiba ya Msumbiji inalipa Bunge peke yake uwezo wa kuidhinisha mikopo ya namna hiyo na kuweka kikomo cha dhamana. Bunge halikuulizwa. Wahisani waliokuwa wakilipa sehemu kubwa ya bajeti, na waliokuwa na wataalamu wao ndani ya wizara, nao hawakuona. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilipofichuka Aprili 2016, Shirika la Fedha Duniani na nchi kumi na nne zilizokuwa zikichangia bajeti moja kwa moja zilisimamisha fedha. Sarafu ikaporomoka, bei zikapanda, na adhabu ikawaangukia wasiojua jodari ilivuliwa wapi.

Na tuangalie ni nani aliyefanya nini baadaye. Uswidi iligharimia ukaguzi wa kampuni ya Kroll, ambao mwaka 2017 ulionyesha kwamba matumizi ya takriban dola milioni 500 hayakuweza kuelezwa. Huo ni msaada tunaousifu bila kusita: fedha chache zilizowapa wananchi karatasi ya kushika mkononi. Kisha mashirika ya raia wa Msumbiji yalikusanya saini za watu elfu mbili, kama Katiba yao inavyoruhusu, yakaenda mbele ya Baraza la Katiba. Mwaka 2019 Baraza hilo lilitamka kwamba mkopo wa Ematum na dhamana yake ni batili, na mwaka 2020 likasema hivyo hivyo juu ya mikopo mingine miwili. Saini elfu mbili! Hazikuhitaji ndege wala hoteli. Chang alikuja kutiwa hatiani New York mwaka 2024, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Mjini Maputo washtakiwa kumi na mmoja, akiwamo mtoto wa rais mstaafu Guebuza, walihukumiwa Desemba 2022. Hatubezi hukumu ya New York, lakini iliyotamka kwamba Katiba ya Wamsumbiji ilivunjwa ni sauti ya Wamsumbiji.

Ingekuwa furaha kuishia hapo. Katika uchaguzi wa miji wa 2023, mahakimu kadhaa wa wilaya walithubutu kufuta matokeo waliyoyaona yamechafuliwa. Baraza la Katiba likasema uwezo wa kufuta kura ni wake peke yake. Oktoba 2024 ulifanyika uchaguzi mkuu. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walieleza kasoro za kuhesabu na kubadilishwa kwa matokeo, na maaskofu Wakatoliki wa Msumbiji wakaukemea udanganyifu hadharani. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba, Elvino Dias, wakili wa mgombea Venâncio Mondlane, aliyekuwa akitayarisha kesi ya kupinga matokeo, aliuawa kwa risasi ndani ya gari mjini Maputo, pamoja na Paulo Guambe wa chama cha Podemos. Desemba, Baraza la Katiba lilimtangaza Daniel Chapo mshindi kwa asilimia 65. Katika maandamano yaliyofuata waliuawa watu zaidi ya mia tatu, kwa hesabu ya mashirika ya raia.

Miaka thelathini ya misaada, na wakili anauawa akiwa na jalada la kesi. Hatusemi kwamba wahisani walimwua. Tunasema kwamba kwa miaka thelathini walinunua masanduku ya kura, kompyuta, wino na semina, huku hakimu wa wilaya, karani wa kituo na wakala wa chama wakiachwa bila ulinzi kila wageni wanapopanda ndege kurudi kwao. Kura huhesabiwa siku mbili. Anayeweza kuihukumu bila woga hutayarishwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaotaka wahisani wakate kila kitu mpaka serikali ipige magoti, kwa kuwa tumeona 2016 nani anayepiga magoti. Wala hatukubaliani na wanaosema kila shilingi ya kigeni ni ukoloni. Mkoloni hapangi kumlipa mkulima posho aache bunduki. Tunachodai ni masharti ya aina nyingine. Kila mkataba wa msaada na wa mkopo uchapishwe, na usomwe bungeni kabla ya kutiwa saini. Fedha za uchaguzi zianze kutolewa siku ya pili baada ya uchaguzi uliotangulia, ziende kwa mahakama za chini, kwa wakaguzi wa hesabu na kwa mawakala wanaobaki na nakala ya fomu ya matokeo. Mabalozi wakikutana na waziri juu ya Katiba yetu, kilichosemwa kijulikane.

Upande wetu nao una deni. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada, USAID, na makundi mengi ya Afrika yaliyotegemea fedha hizo yakajikuta na ofisi zisizo na kodi ya mwezi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Parokia inayoweza kujenga mnara wa kengele kwa harambee inaweza kuwalisha waangalizi ishirini kwa siku mbili na kuwanunulia karatasi za kunakili matokeo. Tunaziomba kamati za haki na amani zilete hesabu ya gharama hiyo, kituo kwa kituo, katika mkutano ujao wa wawakilishi wa wilaya, na kila mweka hazina aje na kiasi ambacho waumini wake wamekubali kutoa.