JICHO LA MTOTO SI MAABARA

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Lakini sisi wa Dallas huanza na hatari, tahadhari tukaitafuta baadaye.

Mama yangu hufulia watu nguo. Mwaka jana alinunua sabuni ya maji ya bei nafuu, ile inayotengenezwa nyumbani na kuuzwa kwenye chupa kuukuu za soda. Kufikia jioni vidole vyake vilikuwa vyekundu, vinawasha kama upupu. Ndugu yangu mdogo naye ikamrukia jichoni. Jirani akaja mbio na maziwa, eti ndiyo dawa! Bahati nzuri shangazi alikataa, akamwosha kwa maji safi kwa robo saa nzima, kisha akampeleka hospitali. Alipona. Muuzaji alipoulizwa alijibu tu, "Mbona wengine hawajalalamika?"

Je, ndugu msomaji, sabuni hupimwa kwa kungoja mtu alie?

Mwaka 1944, Mmarekani John Draize na wenzake walichapisha njia ya kupima kemikali kwa kuitia kwenye ngozi na macho ya sungura. Sungura hao waliteseka, watu wakapiga kelele miaka mingi, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Siku hizi kuna maabara zinazotumia ngozi iliyokuzwa kutokana na seli za binadamu. Sasa kama sungura wa Ulaya ameonewa huruma, mbona mama wa Dallas asionewe?

Hatua ya kwanza haitaki sungura wala mashine. Ni kupima pH, jambo tulilofunzwa kidato cha kwanza. Kitu chenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, huhesabiwa kuwa chaweza kuunguza ngozi na macho. Sabuni hizi huchanganywa kwa asidi na magadi. Ukikosea vipimo, kimoja hubaki na ukali wake. Karatasi ya pH itakuonyesha palepale.

Najua wapo watakaosema, "Wacheni watu watafute riziki." Ni kweli, hata mimi karo yangu inatoka kwa sabuni. Mwalimu wa kemia naye atasema pH nzuri peke yake haitoshi, kwa maana hata manukato na rangi huweza kuwasha. Kweli pia. Lakini kipimo kidogo ni afadhali kuliko jicho la mtoto.

Maoni yangu ni haya: chama chetu cha sayansi kiwapimie watengenezaji wa mtaani sabuni bure kila Ijumaa, nao wabandike kwenye kila chupa karatasi yenye viungo na tarehe. Chupa isiyo na karatasi, tusinunue.

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kwanza, jamani, tumwachie hayo macho.