Rimu ya shabiki isikae kama winga wa chaki

Siku ya mechi Kaitaba, gari la shabiki nalo linacheza. Simba au Yanga zilipotua Bukoba kuivaa Kagera Sugar, magari ya kutoka Kanazi yalipita na skafu madirishani, honi juu, rimu zimeng'arishwa kuliko viatu vya straika. Hakuna ubaya hapo. Shabiki bila mbwembwe ni mtazamaji tu.

Ubaya unaanza rimu inapochaguliwa kwa macho. Mtu anaangalia inchi, rangi na matundu ya nati, basi, analipa. Namba iliyogongwa nyuma, ile inayoanza na ET, haiulizi. Hiyo ndiyo ofseti: umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapobana kwenye habu. Ikipungua, tairi linasogea nje. Ikizidi, linaingia ndani kuelekea shokapu. Inchi ni urefu wa mchezaji, ofseti ni mahali anaposimama. Kocha gani anasajili beki kwa kumpima urefu tu?

Kwa gari la umeme kosa hili ni ghali zaidi. Chukulia shabiki wa Kanazi ameagiza Nissan Leaf ya mwanzo, yenye rimu ya inchi 16, upana inchi 6.5, ET40. Dukani anapendezwa na rimu ya upana wa inchi 8, ET25. Nati tano zinaingia bila ubishi, anashangilia kama amefunga dakika ya 90. Lakini apige hesabu. Upana umeongezeka milimita 38, yaani 19 kila upande. Ofseti imeshuka 15. Ukingo wa nje umetoka milimita 34!

Gari hilo tupu linakaribia tani moja na nusu, betri imelala chini ya sakafu. Wakipanda watu watano wa kilo 70, zinaongezeka kilo 350. Springi zinalala, linakuja shimo, tairi linatafuna madigadi. Tairi pana na rimu nzito pia vinakula chaji, na kusukuma Leaf usiku baada ya kufungwa mbili bila hakuna anayekutaka.

Wapo watakaosema rimu iliyotoka nje inatanua gari na kulituliza kwenye kona. Kweli, winga wa chaki naye anatanua uwanja. Ila nyuma yake kuna fulubeki anayeachwa peke yake, na hapa fulubeki ni beringi. Inabeba mzigo mbali na pale ilipotengenezewa kuubeba, inaanza kuvuma, usukani nao unavutavuta. Kuweka spesa si dawa, maana spesa inazidi kulisukuma tairi nje.

Shabiki mwenye akili abaki karibu na ET ya kiwandani, aangalie uzito ambao rimu imeidhinishwa kubeba, na tundu la katikati likae sawasawa kwenye habu. La Leaf ni milimita 66.1. Kabla ya kutoa hela, fundi afunge rimu, wenzake wanne wapande, usukani ukatwe kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Muuzaji akigoma kujaribu hivyo, rimu ibaki dukani na watu waende Kaitaba na zile za zamani.