MOYO HAUNA SPEA DUKANI



Mashine ikiharibika katika kiwanda cha Thika, fundi huitwa siku ile ile. Spea ikikosekana Thika hutafutwa Nairobi, na ikikosekana Nairobi huagizwa ng'ambo. Lakini mfanyi kazi anayesimama mbele ya mashine hiyo akianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, huambiwa akapumzike nyumbani, na kesho yake mtu mwingine amesimama mahali pake. Leo twataka kusema juu ya mashine iliyo ndani ya kifua cha mfanyi kazi, na juu ya daktari anayeitunza. Jambo hili ni la chama kama vile mshahara ulivyo wa chama.

Moyo ni pampu. Kila dakika husukuma kiasi cha lita 5 za damu, na kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi, bila Jumapili wala likizo. Pampu hii ikichoka, damu haiendi ipasavyo na maji hubaki nyuma. Miguu huvimba, kifua hujaa, mtu hawezi kupanda ngazi ya stoo bila kusimama kupumua, na usiku hulala ameegemea mito mitatu. Madaktari huiita hali hii moyo kushindwa. Jina lenyewe laogopesha, na wengi hudhani maana yake ni kwamba moyo umekwisha simama. Sivyo. Maana yake ni kwamba moyo umeelemewa na mzigo, na mara nyingi mzigo huo waweza kupunguzwa.

Wako wanaosema kwamba haya ni maradhi ya wazee na ya matajiri wenye vitambi. Hesabu zinawakana. Kati ya mwaka 2007 na 2010 madaktari wa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, waliandika habari za wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu ya moyo kushindwa. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52, yaani watu walio kazini, wenye watoto shuleni. Sababu kubwa kupita zote ilikuwa presha ya damu. Wengine walikuwa na vali za moyo zilizoharibika tangu utotoni, na wako akina mama ambao moyo wao ulidhoofika wakati wa kujifungua. Ilipotimia miezi sita, karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa.

Sasa daktari wa moyo hufanya nini? Watu wengi wamesikia habari moja tu, nayo ni ya kupandikiza moyo. Tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, daktari Christiaan Barnard na wenzake walimtia mgonjwa Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Dunia nzima ilishangaa. Mgonjwa aliishi siku 18, kisha akafa kwa nimonia, kwa maana dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimeudhoofisha mwili wenyewe. Tangu siku hizo maarifa yameongezeka sana, na leo wako wengi wanaoishi miaka kumi na zaidi baada ya kupandikizwa.

Lakini tuangalie kazi yenyewe. Moyo wa kupandikizwa mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa, na jamaa zake wakakubali. Ukiisha kutolewa na kuwekwa katika barafu, saa za kuutumia ni chache, kama nne tu. Mpasuaji humaliza kazi yake siku hiyo hiyo. Daktari wa moyo ndiye aliyemtunza mgonjwa miezi na miaka kabla ya siku hiyo, akaamua nani anahitaji moyo mpya na nani aweza kuendelea na wa zamani. Na baadaye ndiye atakayempima mara kwa mara mpaka mwisho wa maisha yake, kwa maana dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo humezwa kila siku bila kukosa. Hata katika nchi tajiri mioyo haiwatoshi wanaoingoja. Hapa kwetu figo hupandikizwa, lakini mgonjwa ambaye moyo wake umekwisha kabisa hulazimika kutazama ng'ambo, kwa gharama ambayo mshahara wa miaka mingi hauifikii. Mfanyi kazi wa Ruiru asiwekewe tumaini lake huko.

Tumaini lake liko katika sehemu nyingine ya kazi ya daktari huyu, sehemu isiyotangazwa magazetini. Daktari hupima presha, husikiliza kifua, hutazama moyo kwa mashine ya picha inayotumia mawimbi ya sauti, kisha hutoa vidonge. Kiko kidonge cha kutoa maji mwilini. Viko vingine vya kuupunguzia moyo mzigo na kuutuliza. Havianzwi vyote kwa nguvu zake kamili. Huanzwa kidogo kidogo, na kila baada ya majuma machache mgonjwa hurudi apimwe damu na figo, kisha kipimo huongezwa. Mgonjwa naye hupunguza chumvi na kujipima uzito kila asubuhi, kwa maana uzito ukipanda ghafula ni maji yanayorudi. Kwa njia hii wengi waliokuwa hawawezi kutembea kutoka Makongeni mpaka stendi wamerudi kazini. Ni kazi ya subira, na hutaka kitu kimoja kuliko vyote: mgonjwa arudi siku aliyoambiwa.

Hapa ndipo kazi ya daktari inapogonga lango la kiwanda. Kibarua wa shamba la kahawa akienda kliniki hapati kitu siku hiyo. Mfanyi kazi wa zamu akiomba ruhusa kila mwezi huanza kuitwa mvivu. Kidonge cha kutoa maji humpeleka mtu chooni mara kwa mara, na nyapara amesimama mlangoni akihesabu dakika. Basi mfanyi kazi hufanya nini? Hukiacha kidonge siku za kazi. Huikosa kliniki. Huficha cheti cha daktari mfukoni asije akaandikwa katika orodha ya wale watakaopunguzwa. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini sisi twauliza: ni nani aliyemfundisha mfanyi kazi kuficha maradhi yake? Ni hofu ya kupoteza kazi, na hofu hiyo ndiyo kazi ya chama kuiondoa.

Kila mwanachama na ayajue haya. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri hawezi kumwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza mwilini kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama karibu naye. Kifungu cha 37 chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Na sheria ya usalama kazini ya mwaka huo huo yataka pawe na kamati ya usalama na afya mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi. Mwanachama akiitwa ofisini kwa habari ya ugonjwa wake, asiingie peke yake.

Hata hivyo siku 7 hazimtoshi mgonjwa wa kurudi kliniki kila mwezi. Sheria ni kiasi cha chini, si mwisho. Kwa hiyo twataka katika mapatano yajayo na waajiri yaingizwe mambo matatu: siku ya kliniki ilipwe na isihesabiwe kuwa utoro, mgonjwa mwenye cheti apewe kazi nyepesi bila kukatwa mshahara, na presha ipimwe kazini, kwa wote, walau mara mbili kwa mwaka. Kifaa cha kupimia presha ni rahisi kuliko mikanda ya mashine. Tena tangu Oktoba 1, 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Fedha hizo ni jasho letu. Kila mmoja na ahakikishe kwamba zinafika zinakopelekwa.

Wala tusiwalaumu waajiri peke yao. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Presha haina maumivu. Hufanya kazi yake kimya kimya, miaka kumi, mpaka moyo umechoka. Kupima ni dakika tano. Na mtoto akiumwa koo na kupata homa, apelekwe kwa mganga wa zahanati, kwa maana koo lisilotibiwa laweza kuharibu vali za moyo. Madaktari wa Uganda na wenzao walionyesha mwaka 2021 kwamba watoto ambao vali zao zimeanza kuharibika, wakidungwa penisilini kila majuma manne kwa miaka miwili, hawakufika mmoja katika 100 ambao ugonjwa wao uliendelea. Kati ya wasiodungwa walikuwa 8 katika 100. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki Thika.

Daktari wa moyo hawezi kuja kubishana na nyapara mlangoni. Hiyo ni kazi yetu. Yeye atoe dawa, na chama kimpatie mgonjwa siku ya kwenda kuichukua na kazi ya kurudia. Kila mwakilishi katika kila kiwanda na kila shamba, kutoka Ruiru mpaka Thika, na aanze kwa kuuliza swali moja katika mkutano ujao: nani kati yetu hajapimwa presha? Na yeye mwenyewe awe wa kwanza kukunja mkono wa shati.

Umoja ni nguvu.