Mobius, Mark X na hela ya dhahabu: gari letu tulitengeneze vipi?

Leo niacheni niongelee magari kidogo. Najua wapo watakaosema huyu kijana wa fom foo anajua nini kuhusu viwanda. Sawa, ila mimi nakaa Kahama. Ukitaka kujua watu wanapenda gari gani, njoo usimame stendi siku maduara yametema.

Binamu yangu alipata hela mwaka juzi kule Nyarugusu, Geita. Kitu cha kwanza? Toyota Mark X, lita 2.5, silinda sita. Tukamwambia kaka, hiyo ni gari ya chini, njia ya machimboni ni vumbi na mashimo, chukua pikapu. Akajibu: "Nimekaa shimoni miaka sita, na mimi nataka kukaa pazuri." Miezi mitano tu shokapu zimekufa, sampo ya oili imepasuka, akaiuza kwa hasara. Kosa si la gari, ni la njia aliyoipitisha. Lakini jibu lake sijalisahau, maana ndo linaeleza yaliyowakuta Mobius wa Kenya.

Anayetengeneza gari anavutana na mambo matatu: ulaini (viti, ukimya, utulivu barabarani), nguvu, na bei. Ukivuta moja, jingine linalegea. Hata Toyota hawana dawa. Walipotaka gari la kifahari la mbio lisilo na kasoro, yaani Lexus LFA, walikaa nalo kama miaka kumi, katikati wakaacha bodi ya alumini wakaanza upya na nyuzi za kaboni. Matokeo: dola 375,000 kwa gari moja, na yakatengenezwa 500 tu, 2010 hadi 2012. Bei iliachwa ipae. Mark X ni kampuni ileile ikichagua njia nyingine: nguvu kiasi, ulaini kiasi, bei ya mtu wa kawaida kule Japani.

Sasa njooni Kenya. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, hata kama litakuwa baya na la polepole. Yakatoka machache ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakazinduliwa 1990, na mradi ukafia njiani. Mobius nao wakaja na wazo la gari la barabara mbovu kwa bei ndogo. Mobius II la kwanza liliuzwa kama shilingi 950,000 za Kenya, bila kiyoyozi wala mapambo ya ndani. Toleo la 2018 likaanzia milioni 1.3. Baadaye wakageuka, Mobius III likaja na starehe zake, bei karibu milioni 4. Agosti 2024 kampuni ikatangaza inafungwa, siku chache mbele ikasema mnunuzi amepatikana.

Tatizo lilikuwa wapi? Kwa hela ya Mobius II, Mkenya alipata Toyota iliyotumika Japani, ina kiyoyozi, imetulia, spea kila kona. Mtumba unatupa ulaini, nguvu na bei kwa mpigo kwa sababu mwenye gari wa kwanza kule Japani ameshalipia utafiti na kushuka thamani. Kiwanda kichanga kinashindana na gari ambalo mtu mwingine ameshalilipia!

Wengine watasema dawa ni kodi. Jamani, hapa Bongo gari lililozidi miaka 10 linapigwa asilimia 30 ya ushuru kwa uchakavu tu, na Mark X bado zinaingia.

Kwetu hili si hadithi ya jirani. Mgodi wa Buzwagi hapa Kahama ulifungwa 2021 na eneo lake limetengwa kwa viwanda. Nyumbu wa Kibaha wapo tangu enzi za Mwalimu. Siku tukisema tutengeneze gari letu, tusianze na mawazo kwamba mtu wa chini anataka chuma chenye magurudumu. Mtu wa chini ndo amechoka kuliko wote!

Maoni yangu: pa kubana ni kwenye nguvu. Hapa kwetu nani anafika 180? Weka injini ndogo. Hela inayobaki iende kwenye shokapu, viti, na milango isiyopitisha vumbi. Kwenye barabara mbovu ulaini si anasa, maana shokapu nzuri ndo inayolinda mgongo wa dereva na bodi ya gari kwa pamoja.

Binamu yangu karudi shimoni. Anasema duara likitema tena ananunua Mark X nyingine. Nyie mngemuuzia gari gani akabadili mawazo? Tiririkeni hapo chini.